Reli Ni ya Nani Iwapo Stesheni Haifikiki?

Mwaka 2025 serikali za Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba na kampuni ya CCECC ya China, ili reli ya TAZARA ifufuliwe na kuendeshwa kwa muda wa miaka 30. Fedha zilizotajwa ni dola za Marekani bilioni 1.4. Habari hizo zilipokelewa kwa furaha katika Nyanda za Juu Kusini, nasi tuliungana na wote waliofurahi. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumekwisha kushuhudia, kwa macho au kwa picha, treni ya umeme ikianza kwenda Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi Julai, kisha ikazinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti. Baada ya miaka mingi ya kusikia kwamba reli inakufa, ni haki ya Mtanzania kufurahi.

Hata hivyo, katika mazungumzo yote juu ya reli tumesikia habari za mwendo, za uzito wa mizigo, za shaba ya Zambia na Kongo, na za mikopo. Jambo moja hatujalisikia likisemwa kwa uzito unaostahili, nalo ni njia ya kufika stesheni. Mzee mmoja wa Ipinda, tulipomwuliza kama amewahi kupanda TAZARA, alitujibu kwa upole: "Padre, ile treni ni ya watu wa Iyunga." Hakuwa akilalamika, alikuwa akieleza hali kama aijuavyo. Katika ukurasa huu tunataka kuonyesha kwamba jibu la mzee huyo linalingana na yale yaliyoonekana mahali pengi duniani, na kwamba ndani yake mna suala la haki.

Tuanze na jiografia, maana ndiyo iliyotutenga. Ziwa Nyasa liko kwenye kimo cha mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, inafikia kilele chake hapo Uyole, kwenye kimo cha mita 1,789. Kwa hiyo mtu wa Kyela akitaka kupanda treni hana budi kwanza kupanda mlima: kutoka bondeni kwenye mpunga na kakao, kupita Tukuyu kwenye chai na ndizi, hadi baridi ya Uyole, safari ya zaidi ya kilomita 100. Hapo bado hajafika. Kosta iliyomleta humshusha upande wa mashariki wa jiji, ilhali stesheni iko Iyunga, upande wa magharibi, kwenye barabara iendayo Tunduma. Itamlazimu kupanda daladala nyingine pamoja na gunia lake la mchele, avuke Mbeya nzima, kisha aingoje treni ambayo kwa miaka mingi imepita mara chache tu kwa juma, na mara nyingine imechelewa kwa saa nyingi.

Sasa tumlinganishe na jirani yake aliyekata tiketi ya basi. Huyo huamka alfajiri, hupanda basi pale pale Kyela mjini, na usiku wa siku hiyo yuko Dar es Salaam. Basi linaweza kuwa ghali kuliko treni, linaweza kumbana miguu, na barabara zetu zimeua watu wengi mno. Bado yeye huchagua basi. Wapo wanaosema kwamba wananchi wetu hawana mazoea ya reli. Sisi hatukubali. Wananchi wanajua kuhesabu, nao huihesabu safari yao tangu mlango wa nyumba wanayotoka hadi mlango wa nyumba waendayo. Mhandisi huhesabu kutoka stesheni hadi stesheni, na hapo ndipo hesabu hizi mbili zinapoachana.

Wataalamu wa usafiri wamekwisha kuliona jambo hili kwa muda mrefu. Wanatuambia kwamba dakika ambayo abiria anaitumia akitembea au akingoja humwelemea kama dakika mbili za kukaa ndani ya chombo kinachokwenda. Yeyote aliyewahi kusimama kando ya barabara na mtoto mgongoni, mvua ya mwezi wa Aprili ikinyesha, hahitaji kitabu cha kumthibitishia hayo.

Lipo jambo jingine ambalo kwa mara ya kwanza linashangaza. Kadiri treni inavyokwenda kasi, ndivyo umbali wa stesheni unavyozidi kuwa na maana. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Abiria anatumia muda wa saa 4 kufika stesheni, kungoja, na kutoka stesheni ya mwisho hadi aendako. Treni ikimchukua saa 20, zile saa 4 ni sehemu moja kati ya sita za safari yake yote. Treni ikiboreshwa hata imchukue saa 10, zile saa 4 zinakuwa karibu sehemu tatu katika kumi. Ikija treni ya umeme na kumfikisha kwa saa 5, zile saa 4 zinakaribia kuwa nusu ya safari! Fedha zote zitakuwa zimetumika kuifupisha nusu moja, huku nusu ya pili ikibaki kama ilivyokuwa siku za babu. Ndiyo maana nchi zilizotangulia katika reli za kasi zimelazimika kujifunza, na baadhi yao kwa gharama kubwa, kwamba stesheni si pambo la kuwekwa popote penye kiwanja kikubwa.

Ufaransa ilipozindua treni zake za kasi kati ya Paris na Lyon mwaka 1981, treni hizo ziliingia mjini Paris katika stesheni ile ile ya zamani iliyozoeleka na watu, na abiria wakazijaza. Lakini mwaka 1994, kwenye njia ya kaskazini, Wafaransa hao hao walifungua stesheni katikati ya mashamba, kati ya miji ya Amiens na Saint-Quentin, mahali ambapo hata reli za kawaida za wenyeji hazikupita. Watu wakaipachika jina la stesheni ya viazisukari, kwa sababu ya mazao yaliyoizunguka. Nchini Hispania stesheni ya Guadalajara iliyofunguliwa mwaka 2003 iliwekwa kilomita kadhaa nje ya mji, na abiria wake wamekuwa wachache. Taiwan nao walianza treni ya kasi mwaka 2007 wakiwa na stesheni kadhaa zilizo mbali na miji yake. Huko Tainan, mwaka 2011 ilibidi kuiunganisha stesheni hiyo na mji kwa tawi la reli ya kawaida.

Japani inatupa mfano wa namna ya pili. Mwaka 1964 treni ya kasi kati ya Tokyo na Osaka ilipoanza, stesheni ya Shin-Yokohama ilikuwa katika mashamba, na treni nyingi zilipita bila kusimama. Leo ni mahali penye majengo marefu na watu wengi. Wako wanaoutumia mfano huu kusema, "Jengeni tu stesheni popote, mji utaifuata." Tunawaomba waangalie vizuri. Shin-Yokohama ilikuwa tangu mwanzo kwenye makutano na reli ya wenyeji, na baadaye, mwaka 1985, ikafikiwa na treni ya chini ya ardhi. Mji uliifuata stesheni iliyokuwa na njia ya kuifikia.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunao ushahidi wa karibu zaidi. Kenya ilizindua treni ya Madaraka Express tarehe 31 Mei 2017. Huko Mombasa stesheni iliwekwa Miritini, nje ya kisiwa. Huko Nairobi iliwekwa Syokimau, nje ya jiji. Basi la kwenda Nairobi lilikuwa likimngoja abiria Mwembe Tayari, mjini kabisa. Mwenye kupinga hoja yetu atasema: "Mbona treni ile hujaa?" Ni kweli, hujaa, na ni lazima tueleze sababu. Kwanza, nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 700 za Kenya, kiasi ambacho mtu angeweza kuongeza nauli ya matatu ya kumfikisha Miritini na bado asiumie. Pili, kwa mwendo wa saa tano hivi ilikuwa imelishinda basi kwa mbali. Tatu, zikawekwa treni za kitongoji za kuwachukua abiria kati ya Syokimau na stesheni ya kale iliyo katikati ya jiji la Nairobi. Yaani Wakenya wenyewe walitambua kwamba kuna pengo la kuzibwa. Tangu Januari 2024 nauli hiyo imepanda hadi shilingi 1,500, na hapo gharama ya kufika Miritini inaanza kusikika mfukoni kwa namna mpya. Mwezi Oktoba 2019 reli iyo hiyo iliendelezwa hadi Suswa, kwenye mbuga zilizo upande wa Naivasha. Treni ni za aina ile ile na serikali ni ile ile, lakini abiria walikuwa wachache mno kulinganisha na wa Mombasa. Abiria akishuka pale alijiuliza: sasa niende wapi, na kwa chombo gani?

Na Tanzania? Stesheni kuu ya treni ya umeme jijini Dar es Salaam iko katikati, jirani na stesheni ya kale, na si mbali na mabasi ya mwendokasi ya Gerezani. Tunasema wazi kwamba uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini tazama anakotoka abiria. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilihamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021, upande wa kutokea Morogoro. Mtu anayeishi Kibaha au Mbezi, akitaka kwenda Morogoro kwa treni, hurudi nyuma hadi mjini au huzunguka hadi Pugu, ndipo aanze safari ya chini ya saa mbili. Akifika Morogoro hushuka Kihonda na kutafuta bodaboda. Kwa mtu huyo faida ya kasi imekwisha kuliwa njiani. Anayekwenda Dodoma anabaki na faida kubwa, hata kama stesheni ya huko nayo iko nje ya mji, maana safari ni ndefu na basi lingemchukua karibu kutwa nzima. Ndivyo hesabu ya mlango kwa mlango inavyofanya kazi: safari fupi ndiyo inayoumizwa zaidi na stesheni iliyo mbali.

Tusisahau pia kwamba stendi ya mabasi ilipohamishiwa Mbezi, wenye mabasi hawakungoja kufundishwa na mtu. Wengi walifungua vituo vyao vidogo Shekilango na kwingineko, wakamrudishia abiria basi karibu na nyumba yake. Mfanyabiashara anajua kwamba abiria asipokufikia, sharti umfikie wewe.

Na hapa tunaomba wasomaji wetu wa Kyela waturuhusu kicheko kidogo. Mwezi Oktoba 2012 jijini Dar es Salaam zilianzishwa treni za kuwabeba watu wa kawaida kwenda kazini, moja kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, nyingine kwenye reli ya TAZARA hadi Mwakanga. Watu wakaziita "treni ya Mwakyembe", kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, ambaye alikuwa Mbunge wetu wa Kyela. Jina la Kinyakyusa likawa linatajwa kila asubuhi na watu wa Dar es Salaam waliokuwa wakigombania mlango wa behewa, na sisi tuliolitoa hilo jina hatuna hata kipande cha reli! Lakini treni ile ilijaa kwa sababu inayohusu hoja yetu: ilitumia reli za zamani, haikuwa na kasi ya kutisha, ila ilisimama mahali wanapokaa watu.

TAZARA yenyewe inatufundisha jambo hilo kwa ushahidi mzuri kuliko wa Ulaya. Tazama bonde la Kilombero. Ifakara, Mang'ula na Mlimba, treni ya kawaida ilisimama karibu na mashamba. Wakulima na wafanyabiashara wadogo, wengi wao akina mama, walipakia mchele na ndizi, wakauza kwenye stesheni za mbele, wakarudi na nguo na sabuni. Watu walihamia kando ya reli kwa sababu reli iliwapa riziki. Katika miaka ya 1990, ulipotokea mpango wa kuzifunga baadhi ya stesheni ndogo kwa sababu za hasara, wananchi hawakunyamaza, walipinga. Kwa nini wapinge kwa ajili ya kibanda kidogo na jukwaa la udongo? Kwa sababu kibanda hicho kwao ndicho kilichokuwa reli. Mchele wa Kyela unasifiwa nchi nzima sawa na ule wa Ifakara; lakini mchele wa mama wa Ifakara ulipata behewa, na ule wa mama wa Kyela unangoja lori la mchuuzi, ambaye ndiye anayepanga bei.

Hapa ndipo tunapofika kwenye haki. Umbali wa stesheni hauwalemei watu wote sawasawa. Mwenye gari lake hufika Iyunga bila taabu, au huendelea hadi uwanja wa ndege wa Songwe. Uwanja huo wenyewe ulifunguliwa Desemba 2012 nje ya jiji, baada ya uwanja wa kale uliokuwa mjini, na wenye magari hawakulia. Umbali humlemea mgonjwa anayepelekwa Muhimbili, mwanafunzi mwenye sanduku la bati, mama mjamzito, kikongwe, na mlemavu ambaye kila kubadilisha gari ni kuomba kubebwa. Hao ndio ambao treni ingewafaa kuliko basi, maana ndani ya treni mtu hujinyoosha, huenda msalani, na hulala. Wanaoihitaji zaidi ndio wasioweza kuifikia. Nasi tuseme vilevile juu ya usiku. Treni ikichelewa na kufika saa nane za usiku, msichana anayeshuka Iyunga na kukuta daladala zimelala anakabiliwa na hatari ambayo haimo katika ratiba yoyote. Stesheni yenye taa, ulinzi, choo safi na mahali pa kulala ni sehemu ya njia ya kuifikia reli.

Aidha, kufika si miguu tu. Tiketi ya treni ya umeme hukatwa kwa mtandao na kwa kitambulisho. Kijana wa mjini hulimaliza hilo kwa dakika chache. Bibi wa Ikombe asiye na simu ya kisasa anamtegemea mtu wa kumkatia, na anayekatiwa hulipa ziada. Kanisa letu liliona tangu zamani kwamba parokia moja yenye kanisa zuri haitoshi, likaanzisha vigango ili hata mwenye fimbo aweze kufika kwa miguu. Kuuza tiketi za treni Kyela mjini, Ipinda na Matema hakungehitaji maajabu.

Tumetaja Ikombe, na yafaa tukae hapo kidogo, kwa kuwa pwani ya ziwa ina hali yake ya pekee. Kutoka Matema kuelekea kusini, milima ya Livingstone inaingia majini moja kwa moja. Vijiji vya Wakisi vimeng'ang'ania kwenye kingo zake, na vyungu vyao husafirishwa kwa mtumbwi hadi soko la Matema siku ya Jumamosi. Zaidi ya hapo, Lumbila, Lupingu, Manda, hadi Liuli na Mbamba Bay, barabara ya watu wengi ni maji. Zamani pwani hii ilikuwa mlango wa nchi. Wajerumani walijenga makao yao ya kwanza ya Langenburg ufukoni, na baadaye ndipo walipoyahamishia juu, mahali tunapopaita leo Tukuyu. Mlango umekuwa uani. Meli za MV Songea na MV Iringa zilihudumu kwa miaka mingi kutoka Itungi. Siku hizi ipo MV Mbeya II iliyoanza kazi mwaka 2021, yenye nafasi ya abiria 200 na tani 200 za mizigo. Mchanga unaoletwa na mito umeisumbua bandari ya Itungi, hata meli zikategemea bandari ya Kiwira.

Kwa abiria wa Lupingu, basi, njia ya kufika stesheni ya reli ni hii: mtumbwi au miguu hadi gati, meli hadi Kiwira, bodaboda hadi Kyela, kosta hadi Mbeya, daladala hadi Iyunga. Viungo vitano kabla hajaliona behewa! Kila kiungo kina nauli yake na mtu wake wa kubishana naye juu ya mzigo, na kimoja kikikatika vyote vinakatika. Meli ikichelewa kwa dhoruba, hakuna mtu kwenye reli anayejua wala anayejali, kwa sababu meli ni ya mamlaka moja, barabara ni ya nyingine, na reli ni ya tatu.

Je, hali hii ni ya lazima? Historia inasema hapana. Kabla TAZARA haijajengwa, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa na mabasi yake ya barabarani katika Nyanda za Juu Kusini. Mabasi hayo yaliwaunganisha watu wa Mbeya na Iringa na Reli ya Kati, kwenye stesheni kama Itigi na Dodoma. Shirika hilo la kikoloni halikuwa na huruma kubwa kwa Mwafrika, lakini lilielewa kwamba kama hulipeleki basi kwa watu, treni yako itakwenda tupu. Mji wa Mbeya ulikuwa mbali na reli kuliko Kyela ilivyo leo, na bado ulikuwa ndani ya mfumo wa reli. Tulipopata reli yetu wenyewe, ile akili ya kumfuata abiria ikapotea.

Hatudai kwamba reli ishuke hadi Kyela. Mteremko wa zaidi ya mita 1,300 si mchezo, na fedha ya umma ina mahitaji mengi. Tunachodai ni kwamba katika kazi hii ya kuifufua TAZARA, abiria asiwe kitu cha mwisho kufikiriwa baada ya shaba. Mwekezaji atavutwa na mizigo, na hatumlaumu. Ni juu ya serikali zetu mbili kumkumbusha kwamba reli hii ilijengwa mwaka 1970 hadi 1975 ili iwe ya watu, na ikaitwa Reli ya Uhuru. Basi moja linalotoka Kyela na kupita Tukuyu likiwa na tiketi ile ile ya treni, likaingia ndani ya uwanja wa stesheni ya Iyunga na kuingoja treni hata ikichelewa, lingeleta abiria wengi kuliko kupaka rangi mabehewa kumi. Nafasi ya gunia mbili tatu za mama, kwa bei inayojulikana na iliyobandikwa ukutani, ingemtoa mikononi mwa mchuuzi. Na huko Dar es Salaam, stesheni ya TAZARA na ile ya treni ya umeme zimetengana kilomita kadhaa ndani ya jiji moja. Abiria wa Mbeya anayekwenda Dodoma kwa reli hana budi kuvuka jiji akiwa na mzigo kichwani, kana kwamba anatoka nchi moja kwenda nyingine.

Kuna pia reli inayokusudiwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay. Ikijengwa, pwani yetu ya ziwa itakuwa na stesheni kwenye ncha yake ya kusini, na watu wa kaskazini watafika kwa maji. Yafaa maswali yaulizwe sasa, kabla ramani hazijafungwa. Je, gati litakuwa karibu na jukwaa la treni, au mtu atashuka melini na kutembea juani? Meli itakwenda mara ngapi kwa juma? Nani atakayeifanya ratiba ya meli ijue ratiba ya treni? Barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema ilipotiwa lami, tuliona jinsi vijiji vilivyokuwa vikionekana mbali vilivyosogea karibu bila hata kimoja kuhama.

Tunawaomba madiwani wa Kyela na wa Ludewa wayachukue maswali haya kwenye vikao vyao, na kamati za Haki na Amani za parokia ziyaandike yale ambayo abiria wa kwao hukutana nayo njiani: nauli ya kila kiungo, saa zinazotumika kungoja, mahali mzigo unapopotelea. Karatasi hizo ziletwe kabla ya masika, kwa maana mvua zikianza, watu wa Lumbila hawataweza kutufikia hata sisi.